Viazi vya Mlangoni Petu

Siku ninayoikumbuka leo, mwanangu, ilikuwa siku ya soko pale Kadutu, mtaa wetu wa Bukavu, Wabelgiji walipokuwa bado wanatutawala. Sogea karibu. Miguu yangu imechoka, ulimi bado.

Kaka yangu Bisimwa alipelekwa vita vya Abisinia nikiwa mtoto mdogo. Vita vikaisha, wenzake wakarudi, yeye hakurudi. Kwetu, mtu akifia mbali, tunazika mgomba mahali pake, tunalia, halafu tunaendelea kuishi. Mama hakutaka kusikia habari ya mgomba, kwa sababu askari mmoja tusiyemjua alipita kwetu akasema kaka yuko nyuma, anakuja.

Baba alikufa akingoja. Nami nilipopata mchumba, mama akakataa ng'ombe wa mahari mpaka kaka arudi awapokee. Majirani wakawa wanasema, "Subira huvuta heri." Ni rahisi kumhubiria mwenzako subira wakati mlango unaotazamwa si wako! Mchumba wangu alingoja mpaka akachoka, akaenda Kamituga kuchimba dhahabu, akaoa huko. Niliumia, mwanangu. Hata leo mtu akitaja Kamituga moyo unanichoma.

Na kulikuwa na jambo lililompa mama nguvu. Kila siku ya soko, alfajiri, tulikuta mlangoni viazi vitamu na kuni, bila mtu kupiga hodi. Mama alisema ni Bisimwa, ana aibu ya jambo fulani, lakini hawezi kutuacha na njaa. Pole pole nami nikaamini.

Mtaani kwetu aliishi Maman Yozefina, mwanamke pekee aliyeandika katika gazeti dogo la Kiswahili la misioni. Alikuwa na mdomo mkali, na watu walisema ananusa habari kabla haijaiva. Alipopata kusikia juu ya viazi vile, hakulala vizuri. Siku ya soko iliyofuata akanichukua tukajibanza kwenye migomba nyuma ya nyumba, umande ukitulowesha. Akaja mwanamume anayechechemea, mzigo begani. Nikakimbia nikiita, "Kaka!" Alipogeuka, hakuwa kaka.

Alikuwa Papa Matabaro, mchoma matofali ambaye Maman Yozefina alimfahamu, aliyewahi kuwa askari. Alianza kulia kabla hatujamuuliza neno.

"Bisimwa nilimuzika na mikono yangu," akasema. "Ugonjwa ya tumbo njo ilimuua. Nilikuya kwenu kuwaambia. Maman yako akaona nguo ya askari, akakimbia kunipokea, akasema kuku ichinjwe, akaniuliza, 'Mutoto wangu iko wapi?' Nikasema, 'Iko nyuma, anakuya.' Nilifikiri kesho nitasema kweli."

Kesho yake alikimbilia kisiwa cha Idjwi. Aliporudi Bukavu baada ya miaka, aliogopa hata kupita mbele ya nyumba yetu mchana, ndipo akaanza kutuletea viazi gizani.

Nikamshika Maman Yozefina mkono, nikamsihi asiandike, asiseme, amwachie mama tumaini lake. Alinitazama kwa hasira.

"We ulinyimwa bwana, maman yako ananyimwa machozi, na bado unataka tumunyime tena?" akasema. "Mu gazeti sitaandika. Habari ya kifo haianzie mu gazeti, inaanzia ku mukeka."

Basi tukawaita ndugu za baba, tukatandika mkeka, tukamketisha mama katikati yetu, na Matabaro akasema yote. Mama hakupiga kelele. Aliuliza tu kama mwanawe aliomba maji. Matabaro akajibu ndiyo, aliomba, na alipewa.

"Papa yake alikufa akimungoja," mama akasema. "Sasa nani atamuambia?"

Jioni tulizika mgomba kando ya kaburi la baba, na mama akalia kilio cha miaka yote ile. Hakuishi sana baada ya hapo. Maman Yozefina alikuja kulia pamoja nasi, na gazeti lake halikuandika kitu.

Nisikilize sasa, mwanangu. Matabaro hakuwa mtu mbaya. Alitupenda, na viazi vyake tulivila. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na anayeficha kifo huwamaliza walio hai kidogo kidogo. Ukikabidhiwa habari mbaya, usiilalie, wala usiitupe kwenye simu kama ninavyowaona mkifanya siku hizi. Ita ndugu, keti chini, mshike mkono mwenye msiba, useme. Akikutukana, vumilia. Uchungu wa siku ile ni wake, ana haki nao.

Mungu akupe ulimi usioogopa na mikono ya kumshika anayelia. Wote watakaotoka nyumbani kwako warudi salama. Na asiyerudi, asitokee mtu wa kukunyima machozi yake.