Halafu na Bango la Mama Pacha

Wewe, mara ya mwisho kusoma maelezo ya kitu kabla ya kukibonyeza ilikuwa lini? Sema kweli. Sote tunabonyeza kwanza, kikigoma tunakipiga kofi, kisha ndipo tunaitafuta karatasi ndani ya boksi.

Basi yuko bwana mmoja ambaye kazi yake ni kusoma hayo tunayoyaruka. Ofisini wanamwita Halafu. Ukimpa maelezo atayafuata neno kwa neno, haongezi lake, na yakimwishia njiani anauliza, "Halafu?" Siku moja alisimama mbele ya birika la umeme dakika kumi nzima, kwa sababu kibandiko kilisema "tia maji, subiri" na hakikusema "washa". Wenzake walikunywa maji baridi yenye majani ya chai yakielea. Kesho yake kibandiko kikabadilishwa.

Wiki hiyo aliletewa ukurasa wa maelezo ya zana moja ya kompyuta, aupime na kuupa alama, moja hadi tano. Zana ilikuwa ya kuchukua mchoro wa msanifu, uwe wa kadi au wa bango, na kuutoa kama picha. Ila msomaji wa ukurasa huo hakuwa mtu. Alikuwa wakala wa akili bandia, yaani programu inayopewa kazi, ikasoma maelezo, ikaifanya yenyewe mwanzo mpaka mwisho. Na programu haina shangazi wa kumuuliza. Kisichoandikwa, kwake hakipo.

Halafu aliusoma ukurasa mara tatu, penseli sikioni. Ulikuwa mzuri, haki ya Mungu. Ulitaja aina za faili na ulieleza jinsi ya kuuchagua mchoro mmoja kati ya ishirini. Kisha akafika pahali palipoandikwa: "Ukubwa wa picha: si lazima kutaja."

"Nisipotaja, halafu?" aliuliza hewa.

Akaandika mbili.

Bosi wake, kijana mchangamfu anayetembea kama aliyeachwa na basi, aliiona alama akashika kichwa.

"Halafu, ndugu yangu, wenye zana wanataka majibu kesho. Mbili? Andika nne, tulale."

"Haisemi picha itatoka na ukubwa gani usipotajwa."

"Si mtu atajua tu!"

Mtu atajua tu! Maneno matatu haya yameangusha paa ngapi, yameharibu dawa ngapi? Kila mvivu anayo mfukoni. Halafu hakuifuta ile mbili.

"Sikia," bosi akasema. "Mke wako si anafungua duka la ushonaji kesho? Mchoro wa bango lake si uko hapa hapa kwa msanifu wetu? Tumpe wakala ukurasa huu, alitoe, mimi nalipeleka kwa mpiga chapa. Zawadi ya ofisi. Likitoka safi, unaandika nne. Na ukumbuke mkataba wako unaisha mwezi huu."

Halafu alitoka kwenye korido akampigia mkewe.

"Mama Pacha, wanataka kulijaribia bango lako."

"Kulijaribia nini?"

Akaeleza. Upande wa pili cherehani ilinyamaza.

"Na wewe unajua litaharibika?"

"Naona hivyo. Naweza kumnong'oneza wakala ukubwa unaotakiwa, likatoka zuri. Ila nitakuwa nimempa jibu la mtihani."

"Baba Pacha, mteja akivaa gauni likambana, mimi humwambia limemkaa?"

"Humwambii."

"Basi pima kazi yako. Ila likiharibika, utapanda ngazi ulishike mwenyewe mpaka lije jingine. Na pacha watakupigia makofi."

Wakala akapewa kazi: toa picha ya bango, tayari kwa kuchapwa. Akasoma ukurasa, akataja mchoro, akataja aina ya faili. Ukubwa hakutaja, ameambiwa si lazima. Sekunde mbili, picha hiyo hapo. Bosi aliifungua kwenye simu yake, akaruka.

"Kama kioo! Ona sindano, ona uzi!"

"Kwenye simu," Halafu alisema. "Duka lina mlango wa mita tatu."

"Wewe ukipelekwa peponi utauliza bawaba za mlango," bosi akamjibu, na faili likaenda zake kwa mpiga chapa.

Jioni Halafu aliupima upana wa picha ile, kisha akajaza fomu. Alama: mbili. Chini yake akaandika sentensi moja iliyokosekana kwenye ukurasa: "Usipotaja ukubwa, picha hutoka na upana wa skrini ya simu; kwa kuchapa, taja upana unaotakiwa." Akatia sahihi, akaenda kuazima ngazi kwa jirani.

Asubuhi iliyofuata alikuwa juu ya ngazi hiyo, mikono miwili imeshika turubai la mita tatu. Herufi zilikuwa zimevimba na kugawanyika vipande vipande kama ukuta wa matofali. Sindano ilikuwa kama nguzo ya umeme. Pacha walipiga makofi kama alivyoahidiwa. Kutoka pale juu akamwona bosi akija na maua ya pongezi.

Bosi alisimama mlangoni, akafinya macho. Akarudi nyuma hatua tano. Akavuka barabara, akageuka, na huko ng'ambo uso ukamfunguka.

"Linasomeka!" alipaza sauti.

"Njoo basi uwaambie wateja nitawapimia huko huko!" Mama Pacha alimjibu, futi ya kupimia imemning'inia shingoni.

Bosi akarudi polepole. Alimkabidhi maua, akaketi kwenye benchi la wateja, akatoa simu na kuwapigia wenye zana. Aliwasomea ile sentensi ya kwenye fomu, neno kwa neno. Akasikiliza kidogo, akakunja uso.

"Hapana," akasema, "msiniambie mtu atajua tu. Asipotaja ukubwa, halafu?"

Juu ya ngazi, bango liliyumba. Aliyelishika alikuwa anacheka.