Shuka la Kumzikia Byamungu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilitoka Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi huko Uganda, nimebeba shuka jeupe kwapani, nikienda Mbarara kumzika rafiki yangu. Nilikuwa kijana wa umri wako. Shuka lilikuwa la mama, jipya, la kutandikia wageni. Alinipa bila kuniuliza neno, kwa kuwa uso wangu ulishamwambia yote.

Rafiki huyo aliitwa Byamungu, Mkongomani wa Kivu ya Kusini, mpiga gitaa. Sisi ni Warundi, unajua, lakini shamba letu la maharage lilipakana na lake, na jirani wa karibu hushinda ndugu wa mbali. Mpangilio hakuwa nao hata chembe. Alivaa ndala mbili zisizofanana, uzi wa gitaa ukikatika alifunga waya wa breki ya baiskeli, na harusi ya Jumamosi aliweza kuifikia Jumapili, akicheka: "Haraka haraka haina baraka!" Ila moyo wake! Nilipougua malaria alinipakia kwenye baiskeli akanisukuma hadi zahanati, mvua inanyesha, na gitaa akalisahau nje likaloa. Hakulalamika hata siku moja. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, hata kama ndala zake hazifanani.

Msimu ule alikwenda Nyamityobora, mtaa wa Mbarara, kupiga muziki kwenye baa. Akakawia. Watu wakasema ndivyo alivyo, atarudi, na mimi nikaitikia. Lakini asubuhi ile niliamka na hofu nisiyojua imetoka wapi. Nikaazima simu nikampigia. Akapokea mama mmoja, na nyuma yake nikasikia watu wakiimba taratibu.

"Byamungu hawezi kusema saa hii," akaniambia. "Leo muchana tunamuzika, ku muto ya Rwizi. Mukuye basi."

Nilitaka kuuliza amekufaje. Ulimi ukakataa, mwanangu. Nililiogopa jibu. Nilipojikaza kupiga tena, simu ilikuwa imezimwa.

Kituoni Rwekubo, nikingoja gari la Mbarara, konda alinitazama akaona lile shuka. "Wewe, nalia nini? Iko mutu nakufa?" Nikaitikia kwa kichwa tu. Njia nzima nilijiuliza. Kwa nini wamzike mtoni na si makaburini? Labda alizama, labda walevi walimpiga, labda wanamfukia haraka kwa kuwa hana ndugu wa kuuliza. Sisi wakimbizi tunaogopa kifo kimoja kuliko vyote, kufa mahali ambapo hakuna anayejua jina la mama yako. Mimi nilijua jina la mama yake. Nilitaka kufika kabla hawajamfukia, ili walau mtu mmoja alitaje.

Nilipofika nikakuta watu wamejaa ukingoni, wengi wamevaa nyeupe, wanaimba. Nikatafuta jeneza, sikuliona. Nikatafuta shimo, hakuna. Kisha nikamwona Byamungu mwenyewe, hai, maji yamemfika kifuani, wanaume wawili wamemshika huku na huku. Na mbele ya macho yangu wakamsukuma chini hadi kichwa kikapotea.

Kumbe wanamzika mzima! Nilipiga ukelele ambao hadi leo nikiukumbuka naona aibu, nikaingia majini na viatu vyangu. Mama mmoja mzee akanidaka shati kwa nyuma. Na Byamungu akaibuka, anakohoa, anacheka, mikono juu.

"Mutoto wangu, unalilia nini?" akaniuliza yule mama, na sauti nikaitambua, ndiye aliyepokea simu. "Tunazika mutu wa zamani. Angalia, mupya ndiye huyu anatoka."

Sisi Wakatoliki tulibatizwa tungali wachanga, kwa maji kidogo ya kumwagiwa kichwani. Neno hilo la kuzika mtu wa zamani sikuwahi kulisikia. Kumbe kwao kubatizwa ni kuzamishwa majini, na huko ndiko kuzikwa. Nikamweleza mama yule nilivyoelewa, na shuka nililobeba ni la nini. Hakucheka. Akanitazama sana, kisha akanikemea kwa upole: "Mudomo ulikuwa nayo. Juu ya nini hukuuliza?"

Byamungu akatoka mtoni meno yakigongana. Wenzake wote walikuwa na ndugu waliowashikia nguo kavu. Yeye, kama kawaida yake, hakubeba kitu. Akaniona, akaliona shuka, uso ukamng'aa.

"Ndugu yangu! Ulijua namna gani kama nitasahau nguo?"

Nikamfunika nalo huku nalia. Nililia kwa furaha, na kwa woga pia, maana woga hautoki mwilini mara moja.

Tulipokaa juani alinisimulia. Alikuwa anaitafuta baa, akasikia ngoma, akaingia mlango usio wake na gitaa begani. Ilikuwa nyumba ya maombi. Akaona haya kutoka, akakaa, na kilichosemwa mle kikamwingia. Nikaogopa upya. Kama wa zamani amezikwa, niliyemzoea mimi je? Huyu mpya atanijua? Njia nzima ya kurudi nilimtazama kwa jicho la wizi. Tuliposhuka Rwekubo akajishika kichwa: "Mama yangu! Gitare nimeiacha ku muto!" Hapo moyo wangu ukatulia. Mungu alikuwa amemchukua Byamungu yuleyule.

Basi, mwanangu, shika maneno ya mzee huyu. Hofu ikikufunga ulimi, uliza hivyo hivyo kwa kigugumizi, maana asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mimi nilimwombolezea mtu mzima wa afya. Rafiki anayepotea kila mara usiuzoee upotevu wake, iko siku atakuwa amepotea kweli. Mwendee, na usiende mikono mitupu. Na akimpata Mungu kwa mlango ambao si wako, usimhesabu kuwa amekufa.

Nenda salama. Mungu akupe rafiki wa kukusukuma kwenye mvua, na kila shuka utakalobeba kwa machozi likawe la kumkausha mtu, si la kumfunika.