Kahaso wa Msambweni na Arobaini ya Waliorudi Mikono Mitupu

Kahaso binti Garama alizaliwa mwaka 1971 katika nyika ya Kinango, kwa wafugaji Waduruma, mwaka ambao mbuzi walikufa kwa kiu na watu wakasema mtoto huyu kaja na mkosi. Neno hilo lilimpokea mlangoni mwa dunia na lilimsindikiza hadi kaburini. Alibatizwa akiwa msichana mkubwa, akaitwa Bernadeta, jina ambalo padre alilipenda na majirani hawakulitamka hata siku moja. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye sauti ya kuimba na mkono wa kupika. Penye harusi alikuwepo, penye matanga alikuwepo, na hakupita penye kicheko bila kuuliza kuna nini. Wanaodhani watakatifu huzaliwa wamenuna hawakumwona Kahaso akitikisa kayamba.

Mwaka 1994 alifunga ndoa na Randu, askari wa lango katika hoteli moja ya Diani, wakajenga nyumba ya udongo Msambweni. Mimba ilipoingia, mtaa mzima uliingoja. Kwetu pwani mzazi haachwi peke yake. Akishajifungua hukaa ndani siku arobaini, akakandwa kwa maji ya moto, akafungwa tumbo kwa kanga, akanyweshwa uji wa pilipili manga, na nyumba hujaa wanawake kama ya harusi. Siku Kahaso aliporudi kutoka hospitali, wenzake wa Jumuiya ya Mtakatifu Elizabeti walikuwa wameshapika uji sufuria nzima wakimngojea uani. Wakamwona anaingia na kanga ya mtoto imekunjwa mkononi. Wakatazamana. Kisha mmoja akashika mkono huu wa sufuria, mwingine ule, wakaiinua ikiwa bado inafuka moshi, wakaondoka nayo. Hawakufanya kwa ubaya, walisema baadaye. Ndiyo desturi: arobaini ni ya mwenye mtoto, na mtoto hayupo. Tena mjamzito akishirikiana na aliyefiwa na kichanga, eti naye yatamfika.

Aliyepiga hodi jioni ile ni jirani yake Mwislamu, Bi Maimuna, mkandaji wa wazazi, na ndoo ya maji ya moto kichwani.

“Shikamoo, Bi. Mtoto hakuishi.”

“Marahaba. Nimesikia, kwani mtaa huu una siri? Lala nikukande.”

“Watu watasema, Bi.”

“Wataacha lini? Mwanangu, mwili haujui kwamba mtoto amekufa. Maziwa yatakuja vile vile.”

Yalikuja vile vile. Bi Maimuna alimkanda arobaini nzima, akamfunga tumbo, akamnywesha uji, na kila alfajiri aliswali kwenye mkeka kando ya kitanda chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, hapana aliyemwudhi mwenzake. Kahaso hakupata mimba tena. Randu alivumilia kidogo, kisha akahamia Ukunda kwa mwanamke mwingine, akarudi mara moja tu, kuchukua kitanda. Tangu hapo Kahaso alilala chini. “Afadhali,” alisema, “chini hakuna wa kukuangusha.”

Wito wake ulimjia Ijumaa Kuu ya mwaka 1998, katika Njia ya Msalaba. Waumini walipofika kituo cha kumi na tatu, Yesu aliposhushwa msalabani akalazwa mapajani mwa Mama yake, wote walipiga magoti, wakainuka, wakaendelea. Kahaso alibaki chini. Katekista alirudi kumwuliza ana nini. Akajibu: “Mama huyu naye alirudi nyumbani mikono mitupu. Nani alimkanda?” Katekista akamwambia asichelewe kwenye mstari.

Hakujibiwa, akajibu mwenyewe kwa mikono yake. Alinunua sufuria kubwa, akaanza kuwapokea wanawake waliorudi kutoka hospitali bila watoto. Walikuja kutoka Tiwi, kutoka vijiji vya Kinango, hata kutoka Mkwiro kule kisiwani, Wakristo kwa Waislamu. Aliwalaza, akawakanda kama alivyokandwa, akawafunga tumbo huku akisali Salamu Maria, na mtoto asiyekuwa na jina alimpa jina ili mama apate la kuita anapolia. Wengi hushuhudia kwamba maziwa yaliyowauma kama majipu yalikauka kwa amani chini ya mikono yake. Mama mmoja wa Tiwi, aliyekuwa hasemi tangu alipozika, aliongea siku ya tatu, na neno lake la kwanza lilikuwa “chumvi”, kwa maana uji haukuwa nayo. Kahaso alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini midomo ya Msambweni haina komeo. Penye bomba la maji walisema anakula watoto wachanga, ndiyo maana anawapenda mama zao. Waliolala kwake walisikia hayo na wakanyamaza, kwa sababu kumtetea ni kukiri kwamba nao walipitia mlango ule, na walikuwa wakiingilia nyuma.

Jaribu kubwa lilikuwa la mwezi wa Oktoba. Katika mwezi wa Rozari sanamu ya Mama Maria huzunguka jumuiya nyumba kwa nyumba, kila jioni ikalazwa kwa mwenyeji mpya. Kila Oktoba Kahaso alipiga nyumba yake chokaa, akatandika kitambaa cheupe mezani, akapika mahamri, akaketi kizingitini. Kila Oktoba wimbo ulikuja ukikaribia, ukapita mlangoni pake, ukaenda nyumba ya pili. Hakuwahi kuomba kitu kingine maishani mwake ila hicho: Mama Maria alale kwake siku moja. Mwenyekiti wa jumuiya, Mama Sanga, alikuwa na jibu lake: “Tuna wajawazito hapa. Nani atawaingiza katika nyumba ya mkosi? Wewe?” Kahaso alikwenda kwa padre. Padre alisema mambo ya jumuiya yaamuliwe na jumuiya.

Mwaka 2019, mwezi wa Januari, Dama, mkaza mwana wa Mama Sanga, alizaa mtoto ambaye hakulia. Mama Sanga, yule yule, alimleta kwa mlango wa nyuma amejitanda kanga mpaka machoni. Kahaso hakumkumbusha lolote. Alimkanda Dama arobaini yote. Siku ya kutoka alisema, “Mama Sanga, Oktoba hii nami nikumbukwe.” Mama Sanga akashika msalaba wa shingoni, akaapa.

Oktoba ilipofika, Dama alikuwa na mimba nyingine. Waimbaji walipokaribia, Mama Sanga akiwa ameibeba sanamu, Dama mwenyewe ndiye aliyesimama njiani akasema, “Mama, mimi pale siingii.” Wimbo ukapita. Kahaso, akiwa kizingitini, alisikia kila neno. Majirani walioanza kumtukana Dama aliwanyamazisha: “Mwacheni. Mjamzito akiogopa, aachwe aogope.” Mahamri aliwagawia watoto wa njiani, kitambaa akakikunja.

Aliugua uvimbe wa titi mwaka 2022. Bi Maimuna alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na wote aliowakanda hawakuonekana, kila mmoja akiogopa kuulizwa amjuaje. Binti ya Bi Maimuna peke yake ndiye aliyempashia maji. Alifariki tarehe 9 Oktoba 2023, nyumba ikiwa imepigwa chokaa na kitambaa kiko mezani.

Kumzika walikuja wanawake hata kiwanja hakikutosha. Walitazamana kwa mshangao: “Kumbe na wewe?” “Na wewe pia?” Kila mmoja alikuwa ameishi akidhani mwenzake ni wa upande wa maneno. Jioni ile Dama, mtoto wake akiwa mgongoni, aliichukua sanamu mikononi mwa mama mkwe wake, akaingia nayo kwa mlango wa mbele, akaiweka juu ya kitambaa. Mama Maria akalala kwa Kahaso hatimaye, na mwenyeji hayupo.

Leo watu huchota udongo wa kaburi lake na kuuweka katika chupa. Mama Sanga ndiye anayeongoza rozari ya kumwombea, tena kwa machozi, na pengine ni ya kweli. Lakini baada ya Pasaka iliyopita mwanamke mmoja wa mtaa ule ule alirudi kutoka hospitali na kanga iliyokunjwa, na uji uliokuwa ukimngoja ulibebwa ukarudishwa. Sufuria ya Kahaso iko kanisani kando ya altare, imesuguliwa ikang'aa, imefunikwa kitambaa cheupe, na watu huigusa wakipita. Mwenye kutaka kumfuata mama huyu asiiguse. Aifunue, atie maji, aiteleke motoni.