Miwani ya Papa Adalbert

Bwana yangu Adalbert ni mutu wa kujua vyote. Anashona nguo hapa Kadutu tangu ujana, na ukimwambia jua linatokea upande wa Rwanda, atabisha kwanza.

Siku walimupima kwenye centre de santé, zahanati ya parokia, Maman Sophie, infirmière, muuguzi wa pale, alirudilia kumupima, halafu akasema: "Papa, tension yako, ule musukumo wa damu, iko juu sana. Dawa hii utakunywa kila siku, hata kama hausikii maumivu. Na chumvi, punguza."

Adalbert akacheka. Njiani akanifundisha: tension ni ugonjwa wa wanene, wale wakubwa wa magari ya vioo vyeusi. Yeye, mwembamba vile, itamuingilia wapi? Akafanya vidonge kuwa vya kichwa: kikimuuma anameza, kikitulia anaacha. Makayabu, ile samaki ya chumvi, hakuiacha.

Macho yakaanza kuona ukungu. Unafikiri alirudi kwa Sophie? Aliinama kwenye beseni ya muchuuzi wa miwani sokoni, akajaribu hii, akajaribu ile. Ukungu ukazidi, akatafuta ya vioo vinene zaidi. Fundi muzima, uso umejaa chupa, na mimi ndiye namutungia uzi kwenye sindano. Ornella, binti yetu, alikuwa karibu kuolewa, na baba yake aliapa kwamba robe ya ndoa haitashonwa na mukono mwingine.

Makasi yakatoka kwenye alama ya chaki, yakapasua kitambaa cheupe katikati ya kifua. Ndipo alikubali kwenda kwa munganga wa macho. Munganga akamulika taa ndani ya jicho, akaangalia sana.

"Papa, miwani haina kazi hapa. Tension imeharibu mishipa midogo nyuma ya jicho, damu imevuja. Tutaishusha, lakini kilichokufa hakitarudi."

"Lakini mimi ni mwembamba," akajibu. Hata pale, jamani.

Robe ikashonwa na Pascaline, mwanafunzi wake, yule Adalbert alizoea kumwita mikono ya mbao. Asubuhi ya ndoa tukaingia chumbani, mimi na Ornella, ili binti asimame mbele ya baba yake. Adalbert alikuwa amenyoa, amevaa costume, suti yake, vidonge vyake ameisha kumeza. Akainua uso, akaangalia kwa muda murefu, machozi yakamutoka.

"Ornella, mutoto wangu, umependeza katika nyeupe."

Alikuwa ananiangalia mimi. Nilikuwa nimevaa kikwembe cha kijani.