Anayeizima Laptopu ya Bi Nukta

Bi Nukta hakuwa mtu wa kuamini haraka, na kazi yake ilimzidishia. Kwa miaka kumi na tisa aliletewa sauti zilizorekodiwa kwenye baraza la ardhi, akazisikiliza nyumbani na kuandika neno kwa neno walichosema mashahidi. Jina hilo walimpa makarani, maana hapati usingizi kama kuna nukta moja imesahauliwa. Uongo wa kila saizi alishausikia, na alijua kwamba mwongo hodari huanza kwa kusema hajui kitu.

Basi siku laptopu yake ilipozimika yenyewe katikati ya sentensi, kioo kikawa cheusi ti, na wifi yake aliyekuwa akichambua mchele pembeni akasema yeye hata kuiwasha hajui, Bi Nukta alimgeukia taratibu, akamtazama vizuri. Nani alikuwa amemuuliza?

Wifi huyo, dada mkubwa wa mumewe, alikuwa amefiwa na mume na kuhamia kwao wiki mbili kabla. Alikuja na mfuko mmoja wa nguo na zawadi moja, shali ya sufu ya kijani aliyoifuma kwa mikono yake. Bi Nukta aliipokea meno nje, lakini hakuivaa. Shali nzito hivyo kwa mtu anayeishi chini ya bati? Aliyeitoa ana lake jambo. Na kwa kuwa tangu siku hiyo ya kwanza kulikuwa na macho mageni ndani ya nyumba, laptopu haikuachwa tena mezani. Ikahamia kwenye sanduku la chuma chumbani, imefungwa ndani ya shali ile isikwaruzike, na kufuli juu.

Tena siku hiyohiyo akatega mtego. Alikuwa haizimi. Aliiacha inawaka, ameipanga isilale hata ikifunikwa, kistari kile kinachopepesa akakisimamisha mbele ya neno alilolikariri, akafunika kifuniko. Kistari kikihama, mchawi kajulikana. Kistari hakikuhama hata siku moja, ila mara nyingine alifungua sanduku akaikuta mashine imekwisha kuzimika, ya moto kama pasi. Bi Nukta akaamua kwamba anayeichezea anajua kuficha nyayo.

Asije mtu akasema alikurupuka, alijaribu kila dawa. Alisaka virusi, akafuta picha za harusi za watu asiowakumbuka, akabadilisha chaja, akahama soketi, akamwomba karani mmoja amwekee programu zote upya. Wapi. Akafungua daftari. Kila ilipozimika aliandika tarehe, saa, alichokuwa akifanya, na aliyekuwepo nyumbani. Mara ishirini na tatu, na safu ya mwisho ilisema wifi, wifi, wifi. Yeye mwenyewe alikuwepo mara zote hizo, lakini tangu lini mpelelezi akajiandika?

Mumewe alisoma daftari hilo akasema dada yake anaogopa hata rimoti ya televisheni. Bi Nukta akamjibu kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Karani mkuu alikuwa ameshamwonya kwamba akichelewesha kazi mara moja zaidi, kesi zitapelekwa kwa mwandishi mwingine. Kwa hiyo Jumatano, wakiwa mezani, akalitoa la moyoni.

"Ijumaa, ama aondoke yeye, ama niondoke mimi."

Mume, mtu wa amani mpaka inaudhi, aliinamia sahani. Wifi alikuwa jikoni, na ukuta wa jikoni ule hausitiri neno. Kesho yake alianza kukunja nguo zake.

Ijumaa asubuhi Bi Nukta alikwenda kwa fundi, mwanamume mkimya mwenye meza chini ya ngazi za jengo la posta, skrubu zake amezipanga ndani ya vifuniko vya chupa. Hakutaka dawa, alitaka uthibitisho. Fundi akaiwasha laptopu mezani, feni ndogo ikiipuliza, na kutoka saa tatu mpaka saa tano haikuzimika. Bi Nukta akavimba kwa ushindi. Umeona, alimwambia, ikiwa mbali naye haina neno.

Fundi aliliomba daftari, akalisoma mpaka mwisho.

"Kabla hujaanza kazi, mama, inakuwa wapi?"

"Sandukuni. Nimeifunga kwa shali."

"Umeizima?"

Katika kumbukumbu za baraza, mahali kama hapo Bi Nukta huandika: shahidi anatazama pembeni.

"Naiacha inawaka," alisema. "Nipate kujua nani kaigusa."

Fundi akachukua bisibisi, akafungua kifuniko cha chini. Kwa koleo ndogo alivuta kutoka kwenye feni ya ndani gamba la manyoya, nene kama kipande cha sponji, la kijani.

"Mashine hii inavuta hewa kwa chini. Wewe umeivisha sufu, ukaifungia ndani ya chuma inawaka. Ikishachemka hivyo inajizima isiungue. Hakuna aliyeigusa."

Bi Nukta aliomba manyoya yale atiliwe kwenye mfuko mdogo wa plastiki. Njia nzima aibu ilimchoma masikio. Halafu akili ikaanza kumtafutia mlango wa kutokea. Yaliyosemwa pale aliyajua yeye na fundi tu. Angeweza kusema ni vumbi, na vumbi halina mwenyewe.

Alimkuta wifi amekaa mlangoni, mtandio kichwani, mfuko wake miguuni, akimngoja mume wa Bi Nukta alete gari.

"Imepona, wifi?"

Bi Nukta alifungua mdomo aseme vumbi. Badala yake akamwekea kimfuko kile kiganjani. Wifi aliyatoa manyoya, akayasugua kwa kidole gumba, na aliyefuma hausahau uzi wake. Ndipo Bi Nukta akamweleza yote, sanduku, kufuli, kistari na daftari, bila kuruka nukta.

"Mimi nilidhani huivai kwa ajili ya joto," wifi alisema. Akafungua mfuko wake, akatoa shali nyingine ya pamba nyepesi, imefumwa nusu. "Nikaanza hii."

Honi ikalia nje. Bi Nukta aliushika mfuko aurudishe ndani, akaomba msamaha, akaomba tena. Wifi akauchukua mfuko polepole mkononi mwake.

"Niache niende kwa mdogo wangu mwingine kwanza. Siku utakayoweza kuiacha laptopu mezani, niite."

Kazi ya baraza ilifika Jumatatu kwa wakati. Ni wiki ya tatu sasa laptopu inalala mezani, wazi, na haijazimika hata mara moja. Bi Nukta ameshampigia wifi simu mara mbili, akajibiwa kwa upole kwamba shali ya pamba haijaisha. Anachapa amejitanda ile ya kijani, jasho linamtiririka, na mlango wa mbele ameuacha wazi.