Siku Tulipopandisha Friji kwa Machela

Juzi vijana wangu walikuwa wanashusha friji pale Mpemba, karibu na Tunduma, nikawatazama kwa uchungu. Huyu anavuta, yule anasukuma, wa tatu kapinda mgongo kama anachuma maharage, na kila mmoja anatoa amri. Nikawafokea: piga magoti, nyoosha mgongo, friji lisimame, aseme mtu mmoja! Wakacheka. Mzee wa darasa la nne anajua nini? Rafiki yangu, nina magari ya kubebea vyombo vya watu, na hayakununuliwa kwa cheti. Lakini ngoja nikusimulie friji la kwanza nililowahi kuliona, maana mambo yake mpaka leo sijayaelewa.

Ilikuwa enzi ya ruksa, biashara imefunguliwa, vitu vinamiminika Tunduma kutoka upande wa Zambia. Sisi tulikaa milimani Ileje, umeme hatuujui. Baba akauza maksai wetu wote wawili wa kulimia, akanunua friji la mafuta ya taa ili auze vinywaji baridi siku za gulio. Taa inawaka chini, juu kunapoa. Moto unaleta baridi! Nilimuuliza mama inawezekanaje. "Kamuulize aliyeuza ng'ombe wangu," akanijibu. Friji likigoma, hatuna maksai, hatuna biashara.

Aliyetuuzia alionya jambo moja tu: lisilazwe. Lori likatushusha chini ya mlima, mvua imekata barabara. Wanaume wakajaribu kulipandisha limesimama. Likayumba, nusura limwangukie baba kifuani. Mjomba, aliyewahi kufanya kazi migodini Zambia, alikuwa akipiga kelele, "Bwino bwino!", yaani taratibu, na hakuna aliyemsikiliza. Mwisho wakakata miti miwili, wakafunga kamba, wakalilaza kwenye machela kama mgonjwa na kulifunika blanketi la bibi tulilokuja nalo, lisilowe. Nikachanganyikiwa. Si tumeambiwa lisilazwe?

Sasa, kwetu machela ikipita unaweka jembe chini, unatoa bega, unabeba mpaka atokee wa kukupokea. Na machela inayopanda mlima, inayotoka hospitali, maana yake mgonjwa ameshindikana.

Wa kwanza alikuwa mzee mwenye baiskeli. Akailaza majanini, akavua kofia, akaingiza bega.

"Poleni. Ni nani?"

Baba akakohoa. Mjomba akasema, "Ametoka Tunduma."

"Aa, huko wanaishia wengi."

Wakaja wengine, na wanawake wakafuata nyuma wakiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Mmoja akanishika kichwa akaniambia nijikaze. Nikalia. Nilijua ni friji, nililiona kwa macho yangu, lakini tulipofika kona ya mwisho nilikuwa naamini kuna mtu mle ndani.

Bibi, mama yake baba, alituona tangu mbali. Akalitambua blanketi lake. Akapiga yowe, akaja mbio akimlilia mwanawe, akampita baba palepale bila kumwona, akalivuta blanketi. Mlango mweupe.

"Kwa hiyo," mzee wa baiskeli akauliza taratibu, "tumembeba nani?"

Kuna waliocheka, kuna waliosonya wakaondoka. Bibi alimpiga baba kofi la mgongo, kisha akamshika mkono, akakataa kumwachia.

Tukawasha taa. Asubuhi maji ya mtungini yalikuwa na nafuu kuliko ya kwenye friji. Siku zikapita vilevile. Mama akipita mbele ya friji anasema, "Shikamooni, maksai." Ndipo mjomba akasema ligeuzwe kichwa chini.

"Wewe, mgodi ulikuangukia kichwani?" baba akamuuliza. Lakini hakuwa na lingine. Akaenda, kichwa kimeinama, kuwaomba walewale wa njiani.

"Safari hii angalau mgonjwa tunamjua," alisema mzee wa baiskeli, akaja.

Wakatoa tangi la mafuta, wakapiga magoti, migongo imenyooka, mjomba peke yake akihesabu. Likashinda kichwa chini. Wakaligeuza tena, taa ikawashwa. Kesho yake tukakuta barafu. Kwa nini? Mjomba mwenyewe hakujua. Alisema ng'ambo, kule Zambia, ndivyo wanavyofanya. Nimeuliza mafundi wengi, kila mmoja ana lake.

Msimu ule tulilima kwa mkono hata hivyo, mpaka vinywaji vilipoanza kutembea gulioni. Lakini barafu ya kwanza haikuuzwa. Baba aliivunja, akafunga vipande kwenye majani ya mgomba, akanituma kwa kila aliyetoa bega. Nilikimbia. Kwa mzee wa baiskeli ndiko kulikuwa mbali, na nilipofungua jani lilikuwa limelowa tu. Akalichukua, akalilamba, akafumba macho.

"Mwambie baba yako imefika."

Siku hizi bega ni la kukodi, na mimi ndiye ninayekodisha. Nimejenga nyumba kwa kazi hiyo, sioni aibu. Ila gari langu likikwama na mzigo huko milimani, wapita njia wanatoa simu, wanapiga picha, wanaendelea na safari. Nabaki barabarani nimeduwaa, sielewi: wamebadilika wao, au ni sisi tulioanza kulipisha?