Simu Iliyowakimbiza Watoto wa Bungulu

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka siwezi kutulia kitini. Nilikuwa nyumbani hapa Bungulu, mtaa wetu wa Beni, nikichambua maharage, mjukuu wangu Masika yuko shuleni, darasa la sita. Mama yake ni binti yangu Kahindo, anayefanya biashara Butembo, na hii barabara ya kati yetu unaijua, watu huvamiwa njiani. Alimnunulia mtoto simu ya kugusa ili asikie sauti yake wakati wowote. Nilimwelewa. Huku kwetu mzazi hanunui simu ya mtoto kwa fahari, anainunua kwa hofu.

Shule ilikataza simu, lakini kwa mdomo tu. Walimu waliziona kwenye mabegi wakageuza macho, wakisema hayo ni ya wazazi. Wazazi nao walisema mtoto akishaingia getini ni wa mwalimu. Basi simu ikawa haina mwenyewe.

Asubuhi hiyo Kahindo alipata ujumbe wa sauti kwamba washambuliaji wameingia Beni. Hakuuliza mtu. Hata mimi niliye hapa hapa hakunipigia. Alimrushia mtoto ujumbe huo, akamwambia akimbie. Masika akaufungua katikati ya somo la hesabu, wenzake wakasikia, na kabla mwalimu hajageuka kutoka ubaoni darasa lilikuwa tupu, wengine wamepitia madirishani. Shule nzima ikafuata. Getini walimkanyaga Mumbere, mtoto wa darasa la kwanza, akavunjika mkono.

Nilitoka mbio. Watoto wa majirani wakarudi, Masika hakurudi. Nikampigia, simu imezimika. Usiku alikuwa ameichezea hadi chaji ikabaki kidogo. Kahindo ananipigia kutoka Butembo, analia. Nilizunguka parokia, soko, nyumba za ndugu. Jua lilikuwa linashuka mimi na majirani tulipowapata, yeye na wenzake, wamejificha ndani ya shamba la kakao, hawathubutu kukohoa. Mjini hakukuwa na kitu. Ujumbe ule ulikuwa wa zamani, wa mahali pengine. Lakini watoto walikuwa wamekimbilia mashambani, kule ambako sisi wakubwa wenyewe tunaogopa kwenda, maana ndiko washambuliaji hujificha. Hadi leo nikiliwaza hilo nasikia baridi.

Kesho yake tuliitwa shuleni. Mkurugenzi wa shule akawatupia wazazi lawama, wazazi wakamrudishia, kelele tupu. Ndipo mama yake Mumbere akasimama, mtoto kando yake, mkono umefungwa.

“Mutoto yangu balimuvunja mukono,” akasema. “Bale balimukanyaga ni batoto, siko nabakasirikia. Mais, lakini ile simu ilitoka ku nyumba zenu, ikapita mbele ya balimu, na hakuna mukubwa hata mumoja aliisimamisha. Donc, basi muniambie, usiku akilia, nani kati yenu atakuja kumubembeleza?”

Mkurugenzi akaketi. Baada ya hapo tulizungumza kama watu: simu za watoto zibaki nyumbani, na nyumbani pia mzazi aziweke kwake jioni. Simu moja iwe kwenye bureau, ofisi ya shule. Mzazi mwenye hofu ampigie mkurugenzi, naye aulize kwa chef, mkuu wa mtaa, kabla ya kuwaambia watoto lolote.

Kahindo, aliyekuwa amefika asubuhi hiyo hajalala, alininong'oneza, “Mama, na siku ikiwa kweli?”

Swali hilo lilinisumbua, na bado linanisumbua. Nakuambia wewe mzazi kama nilivyomjibu yeye. Siku ikiwa kweli, mwanangu, simu haitambeba mtoto wako. Atabebwa na mtu mzima aliye karibu naye, na huyo ni mwalimu. Basi mjue mwalimu huyo, mwamini, mpe namba yako, mwambie kinachokutisha. Nawe mwalimu, usigeuze macho ukiona simu begini. Mwite mzazi siku hiyo hiyo. Msirushiane mtoto kama mzigo.

Mungu awalinde watoto wetu njiani, asubuhi na jioni. Akupe mtoto anayeingia nyumbani, anayekaa karibu nawe na kukusimulia siku yake kwa kinywa chake mwenyewe, nawe uwe na moyo wa kumsikiliza.